Siku ya Ishirini na Tisa ya Ganda la Tango

Saa tatu na dakika kumi asubuhi iodini ilisema arobaini na moja. Saa tatu na dakika ishirini na tano ganda la tango likasema ishirini na tatu. Mimi, karani wa maabara, niliziandika namba zote mbili kwenye daftari, kila moja kwenye safu yake, nikaweka kalamu chini. Kwa siku ishirini na nane safu zile mbili zilikuwa zimetembea bega kwa bega. Hazikuwahi kuachana kwa zaidi ya mbili.

"Rudia, mama," mkemia alisema.

Mama Wembe alirudia. Alisuuza kikombe kwa maji yaliyochujwa, akatia maji ya kipimo, akangoja namba kwenye mashine itulie, kisha akadondosha juisi. Namba ikaanza kushuka. Tuliitazama sote watatu. Ilisimama palepale.

"Ishirini na tatu," alisema.

Mkemia aligeuka. Alitazama nje ya dirisha, kwenye uwanja wa kupakilia, ambako makreti ya tangi hilohilo, tangi la tatu, yalikuwa yameanza kupangwa kwenye lori.

Inafaa nieleze Mama Wembe ni nani, na kwa nini tofauti kati ya namba hizo mbili ingeweza kumwondoa kwenye kiti chake.

Jina hilo amelipata hapa kwenye kiwanda chetu cha juisi. Kabla ya kuja alikuwa kwenye jiko la shule moja ya bweni, kazi yake kumenya na kukata: viazi, karoti, vitunguu, gunia baada ya gunia, miaka kumi na miwili. Jiko lilipofungwa akaja kwetu, akawekwa kwenye chumba cha kuoshea chupa. Humo alikaa miaka tisa. Chumba kile hakina dirisha la maana. Kina mvuke na maji ya moto yenye soda kali. Ngozi ya vidole inabanduka, kifua kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari alimshauri atafute kazi nyingine. Alimjibu, "Daktari, kazi si nguo, kwamba ukivua hii unavaa ile."

Mwaka huo kiwanda kilinunua kihisi cha kupimia vitamini C. Ni kitu kidogo, unene wa kidole gumba, chenye waya unaokwenda kwenye mashine. Ncha yake inahisi oksijeni iliyomo majini na kuigeuza kuwa mkondo mdogo wa umeme. Oksijeni ikipungua, mkondo nao unapungua. Juu ya ncha hiyo unavishwa utando wenye kimeng'enya. Mkemia alinieleza kwamba kimeng'enya ni kama kibarua anayejua kazi moja tu duniani. Huyu wa kwetu kazi yake ni kuikamata vitamini C, na kila anapoikamata anatumia oksijeni. Kwa hiyo ukidondosha juisi, oksijeni iliyo karibu na ncha inashuka, namba kwenye mashine inashuka nayo, na kwa mshuko huo unajua vitamini ilikuwa kiasi gani. Sukari ikipita, kibarua hana habari. Chumvi ikipita, hana habari.

Tando za kununua zilikaa kwenye ghala la njiani, juani, wiki tatu. Kimeng'enya kikipata joto kinakufa, kama hamira iliyomwagiwa maji ya moto. Zilipofika zilikuwa plastiki tupu. Mkemia, kijana mwenye subira na shati lililopigwa pasi hata kwenye mikono, alisoma mahali kwamba kimeng'enya hichohicho kimo kwenye ganda la tango. Akanunua matango, akaanza kukata maganda na kuyafunga kwenye ncha kwa wavu mwembamba na mpira. Maganda yake yalikuwa manene. Namba ilichukua robo saa kushuka, na kila mara ilishuka kivyake.

Mama Wembe alikuwa ameleta chupa za maabara zilizooshwa. Alisimama mlangoni akitazama, trei mkononi, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba, hapo hukati," alisema. "Hapo unapasua kuni."

Mkemia alimpa wembe. Aliosha mikono, akaliweka tango kwenye ubao, akakata kipande ambacho ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi. Namba ilishuka kwa dakika moja na nusu. Alikata kingine, na kingine, na vyote vilishuka sawa. Siku hiyo hakurudi kwenye chupa.

Lakini meneja, ambaye sote tunamwita madamu, si mtu wa kuamini kitu kwa sababu ni kizuri. Aliweka masharti mbele yetu, nami niliyaandika kama alivyoyasema. Siku thelathini. Kila tangi lipimwe mara mbili, kwa iodini kama tulivyozoea na kwa tango. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya tatu, hata siku moja, meza ya tango inafungwa na mama anarudi kwenye chupa. Sasa ilikuwa siku ya ishirini na tisa, na vilikuwa vimepishana kwa kumi na nane.

Tangi lenyewe halikuwa la kawaida. Lilikuwa na kinywaji cha machungwa kwa ajili ya hospitali, wodi ya watoto. Kwenye lebo imeandikwa miligramu arobaini za vitamini C katika kila mililita mia. Juisi yenyewe ikishachanganywa na maji inabaki na kama ishirini na kitu. Iliyobaki inaongezwa kwa poda kwenye chumba cha mchanganyo. Lori lilitakiwa kuondoka saa nane mchana.

Mama Wembe alisogeza kiti chake mezani. Alianza kukagua, jambo moja baada ya jingine, na mimi nikaandika. Kwanza alipima maji aliyoyatia vitamini mwenyewe kwa mizani, yenye nguvu inayojulikana. Kihisi kilisoma sawasawa. Kisha akatupa lile ganda, akachukua tango jipya kutoka kwenye jokofu, akakata kipande kingine, akakivalisha. Ishirini na tatu. Kisha akachukua juisi ya tangi la tatu, akaiongezea vitamini kiasi cha kumi. Kihisi kikasoma thelathini na tatu.

Mkemia alikuwa ameegemea meza. "Kwa hiyo kinaona."

"Kinaona."

"Na juisi haijakiua."

"Ingekiua, ile kumi isingeonekana."

"Basi kwa nini hakioni arobaini?"

Mama Wembe alikipangusa kikombe kwa ndani kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Labda haimo," alisema.

Mkemia alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye hajafurahi, akarudia kipimo cha iodini kwa mara ya tatu. Iodini inadondoshwa toka kwenye bomba la kioo lenye alama, tone kwa tone. Vitamini inaimeza. Siku zote unajua vitamini imekwisha kwa sababu tone linalofuata linageuza maji, ambayo yametiwa wanga kidogo, kuwa buluu. Yaligeuka buluu kwenye arobaini na moja, kama asubuhi.

Katikati ya hayo shemeji yake aliingia. Ni mume wa mdogo wake Mama Wembe, na ndiye anayechanganya poda kwenye matangi, mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye ndiye aliyempeleka Mama Wembe kiwandani siku ya kwanza, na hajaacha kumkumbusha. Barakoa yake ya vumbi ilikuwa inaning'inia kidevuni.

"Shemeji, hapa ni maabara au jikoni?" aliuliza. "Kila nikipita nakuta matango. Ukimaliza hapo weka na chumvi, tuje kula."

"Wewe utakula wembe."

"Nimeoa kwenye ukoo wenu, nimeshakula vikali kuliko hivyo." Aliona hakuna anayecheka. "Kuna nini?"

"Tangi la tatu," Mama Wembe alisema. "Shemeji, uliweka nini?"

"Ninachoweka kila siku. Kata tatu za vitamini. Kwani?"

"Mwenyewe?"

"Mkono huu hapa." Alimwonyesha. "Au nao unataka kuupima?"

Alitoka akiimba. Niliandika: *kata tatu, mwenyewe*. Sikujua kwa nini niliiandika. Nina tabia ya kuandika.

Saa tano na nusu madamu aliingia. Hakukaa. Alilisoma daftari akiwa amesimama, kidole chake kikipita kwenye safu mbili.

"Hii ndiyo kazi ya siku ishirini na tisa?" aliuliza.

"Madamu, tunakagua," mkemia alisema.

"Iodini umeirudia?"

"Mara tatu. Arobaini na moja."

"Basi mnakagua nini? Iodini tumeitumia tangu kiwanda hiki hakijapakwa rangi. Haijawahi kutudanganya."

 Nilidhani mambo yameishia hapo. Mama Wembe alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, mikono juu ya mapaja, na aliongea bila kunyanyua sauti.

"Haidanganyi, madamu. Ila haichagui. Iodini ni kama mtu aliyewekwa mlangoni kuhesabu wageni. Anahesabu kila kichwa kinachopita, awe mgeni, awe mwizi. Hili ganda halijui kuhesabu vichwa. Linamjua mtu mmoja tu, kwa sura."

"Kwa hiyo unaniambia ndani ya juisi yangu kuna mwizi."

"Nasema kuna watu kumi na wanane ambao ganda haliwajui."

Madamu alilifunga daftari. "Mama, nakuheshimu. Lakini hospitali inangoja, na lori haliwezi kungoja tango."

"Naomba mpaka saa saba."

"Ufanye nini?"

Hapo alisita, na nilimwonea huruma, kwa sababu niliona wazi kwamba bado hajui. Alisema tu, "Nijue nani muongo. Kama ni tango, nitalitupa mwenyewe."

"Saa saba kamili," madamu alisema. "Makreti yaendelee kupakiwa. Nikirudi na bado mna namba mbili, nasaini ya iodini, na wewe, mama, chukua aproni yako."

Alipotoka, tulimsikia akimwita msimamizi wa uwanja. Kule nje kreti lilitua kwenye sakafu ya lori, kisha jingine. Mlio huo uliendelea muda wote.

Mama Wembe aliyatazama matango kwa dakika sita. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Mkemia alikuwa anapekua kitabu, anakifunga, anakifungua. Hatimaye Mama Wembe alisema, kama anayejisemea, "Ukiwa na sufuria la viazi na nyama, na una mtoto asiyekula viazi. Unamwachia sufuria. Akimaliza nyama yote, kilichobaki ndicho viazi."

Mkemia aliinua kichwa.

"Tulipe ganda juisi yote," Mama Wembe alisema. "Si tone moja. Tusage maganda, tutie kwenye chupa, tuyaache yaile vitamini mpaka iishe. Halafu wewe pima kwa iodini. Kama kilichokuwemo ni vitamini peke yake, iodini haitapata cha kumezwa nacho. Tone la kwanza tu, buluu."

Mkemia alikaa chini polepole. "Na tango lenyewe? Lina mambo yake. Linaweza kuimeza iodini kwa akaunti yake."

"Tuweke chupa ya maji matupu yenye tango. Tuone linameza ngapi."

"Na chupa ya vitamini safi yenye tango," mkemia aliongeza. Sasa alikuwa anaandika kwa haraka. "Tuhakikishe kwamba linaimaliza kweli."

Chupa tatu, basi. Mama Wembe alimenya matango manane. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa haraka, na hata siku hiyo hakufanya haraka. Alifanya bila kusimama. Aliyasaga maganda, akayakamua kwa kitambaa, akapata maji ya kijani. Mkemia alipunguza ukali wa juisi kwa kuitia chumvi ya maabara kidogo, kwa sababu kibarua wetu hapendi uchachu, akachomeka mirija ya hewa, maana bila oksijeni kazi isingekwenda. Chupa zilianza kutoa mapovu. Saa sita na dakika tano.

Tulingoja dakika ishirini na tano. Mama Wembe hakukaa. Kila baada ya dakika tano alichota kidogo kwenye chupa ya juisi na kudondosha kwenye kihisi. Kumi na nne. Tisa. Nne. Nje mtu alipiga filimbi, lori likasogezwa nyuma, likasimama. Moja. Kisha namba haikushuka kabisa.

"Imeisha," alisema. "Humu vitamini hakuna."

Mkemia alianza na maji matupu. Matone mawili, buluu. Akaja kwenye chupa ya vitamini safi, ambayo ilianza ikiwa na arobaini ndani yake. Matone mawili, buluu. Alinitazama aone kama naandika. Nilikuwa naandika.

Akavuta chupa ya juisi. Tone la kwanza likazama, likapotea. La pili likapotea. La tatu. Mama Wembe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. La kumi. Mkemia aliacha kuhesabu kwa sauti, akawa anasoma alama kwenye bomba. Iodini iliendelea kumezwa na juisi isiyo na vitamini hata chembe. Buluu ilikuja kwenye kumi na sita.

"Kumi na sita," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Zile mbili nadhani hewa imezila. Mama, tango lako liko sawa."

Nilitegemea atafurahi. Alisema, "Kwa hiyo ni nini hicho?"

Mkemia alichukua juisi nyingine toka kwenye kreti, akaitia asidi, akaipasha moto juu ya taa ya spiriti, akapunga mkono juu ya mdomo wa chupa kuelekea puani. Akarudisha kichwa nyuma. Kisha akampa Mama Wembe anuse, naye akanipa mimi. Ilikuwa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Sote tuliijua. Ni dawa ya kuhifadhi, poda nyeupe inayotiwa kwenye sharubati nzito za dukani. Kwenye kinywaji cha watoto hairuhusiwi hata kidogo. Iodini inamezwa nayo vilevile kama inavyomezwa na vitamini, na ndiyo maana tangu asubuhi ilikuwa inatuambia arobaini na moja kwa moyo mweupe.

"Wodi ile ina watoto wa pumu," mkemia alisema. "Mtoto wa pumu akinywa hii, kifua kinaweza kumbana hapohapo."

 Nilikuwa nimekaa mahali ninapouona uso wa Mama Wembe, na nadhani alikuwa amefika kwenye jambo la pili kabla yetu. Poda zote mbili hushikwa na mtu mmoja. *Kata tatu, mwenyewe.* Ilikuwa saa saba kasoro dakika nane. Angeweza kumwachia mkemia alitafute jambo hilo wiki nzima.

"Twende chumba cha mchanganyo," alisema. "Karani, chukua karatasi ya mizani ya asubuhi."

Mkemia alikimbilia uwanjani kulisimamisha lori. Mimi na Mama Wembe tulipita ukumbini. Alitembea mbele. Mlangoni tulimkuta madamu anakuja upande wetu, saa mkononi, na Mama Wembe alimwambia tu, "Madamu, twende pamoja, utaona kwa macho yako," na madamu, ambaye hafuati watu, alifuata.

Chumba cha mchanganyo kina toroli lenye ndoo mbili nyeupe, mifuniko sawa, ukubwa sawa. Kanuni ya chumba hicho haijaandikwa popote: ndoo ya vitamini hukaa upande wa mlango, ndoo ya dawa upande wa ukuta. Anayechanganya huvaa barakoa na miwani inayofanya ukungu kwa mvuke wa matangi. Hasomi lebo, ananyoosha mkono. Shemeji aliunyoosha mkono huo kwa miaka kumi na moja bila kukosea.

Alikuwa anasafisha kata ya kuchotea poda. Alimwona madamu, akavua barakoa.

"Shemeji," Mama Wembe alisema, "lebo ziko wapi?"

Aliangalia. Upande wa mbele wa ndoo ulikuwa mweupe mtupu. Alizungukia nyuma ya toroli, akainama, akabaki ameinama.

"Wameligeuza," alisema. "Wasafishaji. Jana jioni walipiga deki humu. Wamelirudisha kinyume."

 Yeye mwenyewe ndiye aliyeinyanyua ndoo ya upande wa ukuta, akaiweka kwenye mizani. Niliisoma. Ndoo ya vitamini ilikuwa na uzito uleule wa asubuhi, hata gramu haikupungua. Akaiweka ile nyingine. Ilikuwa imepungua karibu kilo moja.

"Basi ni mimi," alisema.

Madamu alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Mama Wembe. "Ulijua?"

"Nimejua kwenye harufu, madamu. Dakika kumi zilizopita."

"Na huyu ni ndugu yako."

"Ni shemeji yangu."

Makreti yote yalishushwa, mia mbili na arobaini. Hospitali ilipigiwa simu, ikaambiwa ukweli kwamba mzigo utakuja kesho. Shemeji aliambiwa akae nyumbani mpaka kikao. Saa nane na robo madamu alirudi maabara, akaniambia nichore mstari wa tatu chini ya karatasi ya kuruhusu matangi. Mstari wa kwanza ni wa mkemia, wa pili wake. Wa tatu, alisema, ni wa mama, na tangi lisilo na sahihi hiyo lisifunguliwe bomba. Hakutaja siku thelathini tena, na hakuna aliyemkumbusha.

Mama Wembe aliisaini karatasi ya tangi la tatu mahali penye neno *limekataliwa*. Aliandika polepole, kisha akanirudishia kalamu.

"Karani, umeandika habari ya toroli?"

"Nimeandika kwamba poda zilibadilishwa."

"Zilibadilishwa na nani? Hivyo inasomeka kama alikusudia. Andika kwamba toroli liligeuzwa wakati wa usafi, lebo zikaelekea ukutani. Andika na kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa."

Niliandika. Alinitaka nimsomee mpaka mwisho, akanirekebisha sehemu moja.

Yaliyofuata jioni alinisimulia mwenyewe kesho yake, akiwa anakata ganda na bila kunitazama. Alitoka kazini akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake, mwendo wa dakika ishirini, jua likiwa bado juu. Shemeji ndiye aliyefungua mlango.

"Wembe umekuja kumalizia," alisema.

"Hodi kwanza."

"Karibu. Ila ukae mbali na shingo."

Mdogo wake alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakumsalimia.

"Dada, ulijua ni yeye?"

"Mwanzo sikujua. Baadaye nilijua."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Kwa ajili ya kile kiti chako."

Aliniambia hapo alitaka kusema habari ya watoto wa wodi, na ilikuwa kweli, lakini akaona siyo kweli yote. Asubuhi nzima alikuwa amepigania kiti. Watoto walimjia akilini saa saba kasorobo.

"Nilianza kwa ajili ya kiti," alisema. "Nilipofika kwenye harufu kiti nilikuwa nimeshakisahau. Usiponiamini sitakulaumu."

Mdogo wake alishusha mikono kutoka kifuani. "Basi kaa," alisema mwishowe. "Ukisimama hapo unanifanya niwe hakimu."

Alikaa. Hakuletewa kitu, na hakutarajia. Shemeji alijaribu mzaha mmoja kuhusu matango, mkewe akamtazama, akaacha. Alipoinuka kuondoka, shemeji alimsindikiza hadi barabarani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kwenye kikao angekubali kueleza mambo ya toroli. Alimwambia angeeleza hata asipoulizwa.

Kikao kilikaa Jumatatu. Mama Wembe alieleza kwa dakika kumi na mbili, nami niliandika. Shemeji alibaki kiwandani, ila si kwenye poda. Sasa anapokea machungwa getini, na anasema machungwa hayana lebo, kwa hiyo yuko salama. Ndoo za chumba cha mchanganyo zimepakwa rangi, moja nyekundu, moja kijani. Mama Wembe anakata maganda kila asubuhi na kusaini mstari wa tatu. Mdogo wake alichukua wiki saba kumpigia simu.